Ngozi Kwenye Kiti cha Nyuma

Vijana wangu, najua mnachotaka kuniuliza hata kabla hamjashuka kwenye gari. Gereji nimefunga, spana nimegawa, na siku hizi kazi yangu ni ng'ombe wawili na sukuma wiki nyuma ya nyumba hapa Kitengela. Hamjali. Mnasimama getini na simu mkononi, mnanionyesha picha ya dashibodi. "Mzee, niliambiwa hii haibridi inaenda kilomita thelathini na lita moja. Mbona yangu inakataa?" Halafu mnanikazia macho kana kwamba ni mimi niliyewauzia.

Sikuwauzia. Lakini nitawajibu, kwa sababu miaka yangu ya mwisho kazini niliimaliza nikiwa nimeinama ndani ya magari hayo, na nina mambo ya kusema.

Kwanza, mjue mmenunua gari la mjini mkaja kulitembeza uwanda mzima. Haibridi hupata faida yake kwenye msongamano. Ukikanyaga breki polepole, mota yake inageuka kuwa dainamo na kurudisha umeme kwenye betri. Ukisimama, injini inazima. Ukisogea kidogo, unasogea kwa ule umeme uliookota. Sasa toka Kitengela ushike barabara ya Namanga, upite Isinya hadi Kajiado. Nani anakanyaga breki huko? Ni mguu chini mpaka mwisho, na upepo wa alasiri unaligonga gari ubavuni. Hapo injini ya petroli inafanya kazi karibu peke yake, na kila unapoongeza mwendo inalazimika kuusukuma ule upepo kwa nguvu zaidi. Ile thelathini mliyoambiwa ilipimwa kwenye barabara nyingine, na dereva mwenye subira kuliko nyinyi.

Na kabla ya kulia, pimeni sawasawa. Jaza tangi hadi pampu ijikate yenyewe, endesha wiki nzima, rudi kituo kilekile, pampu ileile, ujaze tena. Gawanya kilomita kwa lita. Dashibodi inapenda kukupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Nimeona watu wakigombana na wake zao juu ya namba ambayo gari lenyewe lilikuwa linabahatisha.

Aliyenifundisha kazi aliitwa Mutiso, Mkamba mmoja mwembamba aliyekuwa na gereji ya mabati upande wa Athi River enzi za kabureta. Mutiso hakuwa mtu wa kukimbilia boneti. Mteja akilalamika kwamba gari linakunywa mafuta, alimwambia, "Haya, twende tutembee kidogo." Kisha anaingia kiti cha nyuma. Siku moja nilimwuliza kwa nini hakai mbele kama fundi mwenye heshima zake.

"Ukikaa mbele, mtu anaendesha vile anataka umwone," akasema. "Ukikaa nyuma, akifika kona ya pili amekusahau. Hapo ndio anaendesha vile yeye huendesha."

Mara nyingi tulirudi bila kushika spana hata moja. Ugonjwa ulikuwa kwenye mguu wa mwenye gari, na Mutiso alijua kumwambia mtu hivyo bila kumkasirisha. Mimi sikujua. Nilipofungua gereji yangu niliwapoteza wateja kadhaa kwa mdomo huu kabla ya kujifunza kunyamaza hadi mtu amalize soda yake.

Haibridi zilipoanza kuingia nilikuwa tayari mzee wa kazi, na ya kwanza ilinichezea shere. Mwenyewe aliniachia akaenda sokoni. Nikabonyeza kitufe cha kuwasha, kimya. Nikabonyeza tena na tena, kimya. Nikatangaza mbele ya mafundi wangu kwamba betri imekufa, nikaagiza waya za kuamshia gari, nikafungua boneti kutafuta betri. Haikuwepo, maana hizo huwekwa nyuma. Nikarudi, nikatia mguu mmoja kwenye breki, nikavuta gia nione kama imekwama, nikautoa mguu. Gari likaondoka. Lilikwenda taratibu, bila sauti, likaangusha pipa la oili chafu na kusimama ukutani. Kumbe lilikuwa limewaka muda mrefu tu, lilikuwa linaningojea. Vijana wa gereji walicheka hadi wakakaa chini. Basi mnapolifanyia kazi gari la namna hiyo, someni dashibodi, msitegemee sikio, na mguu uwe kwenye breki kila wakati.

Kulikuwa pia na mwalimu mmoja kijana kutoka Nkoroi, Brian, aliyekuwa akifundisha upande wa Kisamis. Kila asubuhi alipanda hadi Kona Baridi kisha akateremka ule mteremko wote hadi shuleni, na jioni akarudi. Alinijia kupitia Tuala, gari limevaa vumbi hadi huwezi kujua rangi.

"Fundi, hii ndai ilikuwa fiti. Sahi inakunywa ka imetumwa," akaniambia.

Nikapanda naye hadi Kona Baridi, mimi nyuma kama Mutiso. Kupanda aliendesha vizuri, sikuona kosa. Tulipofika juu na mteremko ukafunguka mbele yetu, akasukuma gia kwenye N kwa ustadi wa mtu aliyefanya hivyo maisha yake yote.

"Hapo unafanya nini?"

"Naweka free, mzee. Buda yangu alikuwa dere wa lori. Alinishow ukiteremka weka free, una-save."

Babake hakumdanganya. Kwenye malori ya zamani tulifanya hivyo sote, na wengine wakapoteza breki huko chini. Lakini kwenye haibridi, ukiweka N unaikata mota isishike magurudumu, na isiposhika haichaji kitu. Yaani kijana huyo alikuwa analipa petroli kupanda mlima mzima, halafu anapofika mahali gari lingemrudishia kidogo, analifunga mdomo. Nikamwambia aache kwenye D, aguse breki mapema na kwa upole, na pale penye mwinamo mkali avute gia hadi kwenye ile B ili injini isaidie kuzuia. Alirudi baada ya muda na mfuko wa viazi vitamu kutoka kwao. Kuhusu mafuta alisema tu, "Imetulia." Sikuhitaji zaidi.

Sasa niwaambie habari za Naserian, kwa sababu nikimaliza maneno yangu yote na mkasahau mengine, hizo ningependa mkae nazo.

Naserian alikuwa nesi katika hospitali moja ya kibinafsi hapa Kitengela. Kwao ni mbele ya mji wa Kajiado, ukiacha lami unaingia barabara ya vumbi hadi kwenye boma. Alikuwa akitoka huko kila siku na kurudi kila siku, katika haibridi ndogo nyeupe. Alikuja gereji wakati wa chakula cha mchana, bado amevaa sare ya kazi, na hakutaka hata kukaa.

"Fundi, niambie ukweli tu. Battery imekufa?"

"Nani amekuambia?"

"Mwanzoni tank ilikuwa inanifikisha Friday. Saa hii Wednesday imeisha. Na kuna taa ya njano inakuja, halafu inapotea. Siwezi kununua battery mpya, hiyo najua." Akatazama barabarani. "Nimepata nyumba hapa nyuma ya soko. Mwisho wa mwezi nahama."

Nikamwambia, basi ni vizuri, utalala karibu na kazi. Wengi wangefurahi. Hapo ndipo alipokaa.

Mamake alikuwa na ugonjwa wa moyo. Mchana mke wa kaka yake alikuwa karibu, lakini dawa za jioni mama hakuzimeza isipokuwa kutoka mkononi mwa Naserian. Waliwahi kumleta Kitengela akae naye katika ghorofa. Alivumilia siku chache, kisha akasema hawezi kulala mahali ambapo watu wanamwaga maji ya choo juu ya kichwa chake, akarudi kwa ng'ombe wake. Gari likishindwa na safari ya kila siku, Naserian angekuwa mtoto wa kuonekana Jumamosi na Jumapili.

"Na mama hana weekend nyingi, fundi," akasema. Alisema kama nesi, bila kulia, na mimi ndiye niliyeangalia pembeni.

Nikaunganisha mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Ikasema betri inapata joto kupita kiasi. Haikusema kwa nini. Kwa mashine peke yake na mimi ningemwambia betri inaelekea kufa, na angehama. Lakini mazoea ni mazoea. Nikamwambia, "Twende hadi karibu na Isinya turudi," nikaingia nyuma.

Kiti cha nyuma kilikuwa kimefunikwa kwa ngozi ya ng'ombe. Ngozi nzima, nene, iliyolainishwa kwa mafuta, imeshuka hadi sakafuni na kukazwa kwa kamba pande zote. Ilikuwa nzuri. Nikakaa nikajisikia kama mgeni wa heshima.

Akaendesha. Mwanzoni kwa adabu, kisha akanisahau. Loo, msichana huyo alikuwa anakimbia. Aliyapita malori ya simenti moja baada ya jingine, mguu chini, akifika kwenye matuta anakanyaga breki ghafla hadi paji langu linakaribia kiti cha mbele, kisha mguu chini tena. Sikuwa na la kumlaumu. Mtu anayeogopa kwamba atafika nyumbani akute amechelewa haendeshi polepole. Lakini petroli haijui sababu zako.

Kisha nikasikia kitu. Karibu na paja langu la kulia, chini ya ngozi, feni ilikuwa inalia kwa taabu, kama mtu mwenye mafua. Nikapenyeza mkono. Palikuwa na joto la sufuria.

"Naserian, hebu simama kando."

Nikamwonyesha. Katika gari lake betri kubwa iko chini ya kiti cha nyuma, na inapozwa na hewa ya humuhumu ndani, inayovutwa kupitia tundu lenye wavu ubavuni mwa kiti. Ngozi ilikuwa imeliziba tundu lote. Betri ikipata joto, kompyuta inaizuia isifanye kazi, na mzigo wote unahamia kwenye petroli, kupanda na kushuka. Tukiacha hivyo kwa muda, betri ingekufa kweli.

"Basi ni jambo dogo," nikasema nikianza kufungua kamba. "Tunatoa hii."

"Hiyo haitoki."

Alisema kwa sauti ambayo pengine hutumia kwa wagonjwa wakaidi. Nikaacha kamba.

Akanieleza. Siku alipoleta gari nyumbani, mamake alilinyunyizia maziwa kwa majani, akaliombea lisimwage damu njiani. Kisha akaleta ile ngozi, aliyoitengeneza kwa mikono yake akiwa bado na nguvu, akaitandika mwenyewe. Kila asubuhi, kabla Naserian hajaondoka, mama alifungua mlango wa nyuma na kupitisha kiganja juu ya ngozi. Ndipo gari liliruhusiwa kwenda.

"Tuiweke kwa buti," nikasema.

"Ataona."

"Tumweleze."

"Nimweleze nini? Nikimwambia ngozi yake ndio inaharibu gari, atasikia ni yeye ananifukuza nyumbani."

Mimi ni mtu wa Nyeri, mila za Kimaasai sizijui vizuri, lakini moyo wa mama naujua. Tulikaa kando ya barabara malori yakitupita. Mwishowe nikasema Jumapili baada ya kanisa nitakuja mwenyewe. Mambo ya gari yasemwe na fundi, nikamwambia, ili kama kuna wa kuchukiwa niwe mimi.

Nikaenda. Mama alikuwa ameketi nje kwenye kigoda, mkongojo magotini, shanga shingoni, macho makali.

"Takwenya, yeyo," nikamsalimu kwa Kimaasai.

"Iko," akajibu, akanipima kwa macho kutoka kofia hadi viatu.

Hakuruhusu mazungumzo ya gari kabla ya chai. Aliniuliza nina ng'ombe wangapi. Nikasema wawili. Akamwambia Naserian jambo kwa Kimaasai, na Naserian akasema, "Anakuonea huruma." Nikakubali huruma, na kikombe cha chai kikawa cha pili.

Kisha nikamwomba aje kwenye gari. Nikawasha, nikamketisha nyuma mlango ukiwa wazi, na kumwomba kiganja chake. Nikainua pembe ya ngozi, nikakiweka kiganja kile karibu na tundu. Feni ilikuwa inavuta. Akatoa mkono haraka, akaurudisha. Akakaa hivyo, akisikiliza kwa kiganja. Niliogopa kweli, sitawaficha.

Akamwambia Naserian kitu. Nikamgeukia Naserian.

"Anasema nini?"

"Anauliza kwa nini hakuna mtu alimwambia gari iko na pua."

Mama akanigeukia, akaongea Kiswahili chake. "Ndama ikizaliwa, unatoa ile kitu kwa pua. Usipotoa, inakufa. Hata mtoto anajua hiyo." Alinitazama kama anayemtazama mtu mzima aliyeshindwa na kazi ya mtoto. Kisha akaomba kisu.

Aliikata ngozi mwenyewe. Naserian alitaka kumsaidia, akasukumwa mkono. Mama alikata polepole kuzunguka tundu, akipumzika mara kwa mara kwa sababu ya pumzi, kisha akaulainisha ukingo kwa ncha ya kisu ili nyuzi zisiingie ndani. Nilisimama nje nikishika mlango ambao haukuhitaji kushikwa. Naserian alikuwa anafuta machozi kwa mkono wa sweta akidhani haonekani. Mama akasema jambo fupi bila kuinua kichwa.

"Anasema ngozi ni yake, ataikata vile anataka," Naserian akaniambia.

Na alipomaliza, alipokwisha kurudisha kisu, akamwuliza mtoto wake kwa Kiswahili, labda ili na mimi nisikie, "Sasa ile nyumba ya Kitengela, utaiacha?"

Kumbe alijua. Mke wa kaka alikuwa amesema, na mama alikuwa amelikalia jambo hilo kifuani bila kumnung'unikia mtu. Naserian akaitikia kwa kichwa. Mama akapitisha kiganja juu ya ngozi, akasema, "Haya."

Palepale nikafungua filta ya ile feni. Ilikuwa imejaa vumbi la barabara na manyoya ya ng'ombe. Nyinyi mnaoishi huku penye vumbi, safisheni kile kichujio mara kwa mara, msingoje taa ya njano. Na msirundike magunia, mablanketi wala mitungi ya maziwa mbele ya tundu hilo.

Jambo la pili lilikuwa mguu wake. Hilo nilimwambia tukiwa wawili. Nilimwomba kwa wiki moja tu asivuke themanini, awaache wenye haraka wapite. Akiona tuta, aachilie mafuta mapema gari lijiendee lenyewe, kisha breki kwa upole, maana matuta ya Isinya ndiyo msongamano wake wa bure, hapo ndipo anaokota umeme. Tairi azipime asubuhi zikiwa baridi. Ile keria ya juu isiyobeba kitu aivue, inakamata upepo bure.

"Nitachelewa kufika," akasema.

"Jaribu, uone utachelewa kiasi gani."

Alijaribu. Akaniambia baadaye kwamba anafika wakati bado wanakamua, kama zamani, maana malori aliyokuwa akiyapita kwa hatari alikuwa anayakuta tena yamesimama mbele yake kwenye matuta. Na tangi likaanza kumfikisha Ijumaa, wakati mwingine hadi Jumatatu asubuhi. Haikuwa thelathini. Haikukaribia thelathini. Ilimtosha.

Aliendelea hivyo misimu kadhaa ya mvua. Alikuja kwa filta, kwa oili, kwa tairi, na kila mara alileta salamu za mama na swali kama ng'ombe wangu wameongezeka.

Kisha akaja siku moja bila salamu. Nikaelewa kabla hajafungua mdomo. Nikaleta kiti, nikaketi karibu naye.

Alinieleza mwenyewe. Jioni ya mwisho ya mama alifika nyumbani kama kawaida, jua halijazama. Mama alimeza dawa kutoka mkononi mwake, akanywa chai, akalalamika kwamba maziwa ni machache. Baadaye akasema amechoka, akamwegemea begani. Naserian alihesabu pumzi zile kama alivyozoea kwa wagonjwa, mpaka alipoelewa anachohesabu, akaacha kuhesabu na kumshika tu.

"Kila siku kazini naona watu wakienda, na watoto wao wako njiani wanapiga simu wakiuliza kama watafika," akasema. "Mimi nilikuwepo, fundi. Nilikuwepo."